Mirija Miwili ya Lugano

Kila alipokwenda kumchungulia mwanawe, Tusekile alibeba ndizi mbivu, ingawa alijua kama ajuavyo kila mtu kwamba seli hazili ndizi. Alizificha ndani ya kitenge kwa sababu mlinzi wa getini alikuwa na tabia ya kucheka. Mwaka huu mlinzi hakucheka. Alimnyunyizia mikono dawa, akamwambia apite chumba cha tatu.

Hifadhi ya Vitovu ilijengwa ubavuni mwa mlima Loleza, juu kabisa ya mji wa Mbeya, mahali ambapo hata Januari watu hawavui makoti. Ndani yake kulikuwa na mapipa marefu ya chuma yenye naitrojeni ya kimiminika, na ndani ya mapipa zililala seli za watoto wote waliozaliwa mkoani tangu sheria ipite. Zamani kitovu kilizikwa migombani, na mtu akiulizwa kwao ni wapi, alikuwa na mgomba wa kuonyesha. Sasa mkunga alikitia kwenye chupa, na kabla mzazi hajamaliza kikombe chake cha kwanza cha chai gari la Hifadhi lilikuwa limeshaondoka. Huko juu zilitolewa seli shina, zile ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini, zikagawanywa kwenye mirija kumi na miwili, zikagandishwa. Ukubwani, ini likichoka au goti likilika, ziliamshwa na kufundishwa kazi.

Sheria ilimpa kila mwenye amana haki ya kuhakikishiwa, mara moja kwa mwaka, kwamba mali yake ingali hai. Waliotunga sheria hiyo walikuwa wakifikiria wakaguzi na mihuri. Hawakufikiria wazazi waliofiwa. Mtoto akifariki haki yake ilihamia kwa baba na mama, kila mmoja kwa nafsi yake, na wazazi hao wakaanza kuja, wakaomba mrija mmoja uamshwe, wakainamia hadubini na kumtazama mtoto wao akitikisika. Kwenye karatasi za Hifadhi jambo hilo liliitwa uhakiki wa uhai. Watu waliliita kuchungulia. Wapo waliokuja na nguo za sikukuu, wapo walioimba, na kulikuwa na bibi mmoja wa Ileje aliyekuja kila mwaka kumgombeza mjukuu wake kwa kutangulia bila kuaga.

Tusekile hakuimba wala kugomba. Alitaja jina tu, Lugano, mdomo karibu na kioo, kisha akatazama. Katika duara la mwanga seli zilijikunja na kujinyoosha, moja ikaigusa nyingine, zikaachana. Alijua hazimsikii. Yeye ni mwalimu wa hesabu, si mjinga. Alijua pia kwamba mrija ukishaamshwa haugandishwi tena, na kwamba baada ya siku chache kile alichokuwa akikitazama kingekufa. Lakini kwa nusu saa ile, mara moja kwa mwaka, kulikuwa na kitu hai duniani ambacho ni Lugano, naye alikuwa amekaa mbele yake.

Mhudumu wa chumba cha tatu alikuwa mpya, binti wa Tanga aliyevaa sweta mbili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mzee Mwaipopo yuko wapi?"

"Amestaafu, mama. Mimi naitwa Stumai."

"Pole na baridi, Stumai."

"Nishapoa, mama, hata sina tena pa kupoa." Alicheka, akawasha kioo chake cha kumbukumbu za amana, akasoma kidogo, na kicheko kikakatika. "Mama Lugano, kabla sijauamsha, mmekubaliana na baba?"

"Tukubaliane nini?"

"Kwamba tuutumie huu. Maana imebaki miwili. Tukiamsha mmoja leo, utakaobaki hautoshi tena kwa lile jicho la baba."

"Imebaki saba," alisema Tusekile. Alisema kwa upole, kama anavyomsahihisha mwanafunzi. "Ilikuwa kumi na miwili. Nimekuja mara tano."

"Ndiyo, mama. Na baba naye mara tano."

"Baba yupi?"

"Baba Lugano. Yule mwenye fimbo inayosema." Hapo Stumai alijiziba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka. "Mama, nimekosa. Haki ya kila mzazi ni siri yake. Nilidhani nyumba moja mnaambiana."

Tusekile alishika ukingo wa meza. Mumewe alikuwa haoni tangu kabla Lugano hajazaliwa. Kila mwaka, ufikapo mwezi wa tatu, aliaga kwamba anakwenda zahanati kuchukua dawa ya matone, na kweli alirudi na matone.

"Kipofu anakuja kuchungulia nini?" aliuliza, na hasira ilisikika.

"Anakaa hapo ulipokaa wewe. Ananiambia nimsimulie." Stumai alikuwa karibu kulia. "Nikamwambia zinakimbiakimbia. Akaniuliza zinaelekea wapi. Nikamwambia kila upande, hazitulii. Akacheka, akasema ndivyo alivyokuwa."

Mrija ulikuwa tayari kwenye kishikio, ukitoa moshi mweupe wa ubaridi. Tusekile aliutazama. Alikuwa ameusubiri mwaka mzima, tangu siku aliyotoka kwenye chumba hiki hiki mara ya mwisho, na alitamani kusema amsha. 

"Urudishe," alisema.

Alimwachia Stumai zile ndizi, akateremka mlima.

*

Nyumbani kwao Mbalizi alimkuta mumewe barazani akinyoa ndevu. Ambakisye alinyoa bila kioo, kwa vidole na wembe, na fimbo yake imeegemezwa ukutani ikimsaidia kwa sauti ya mwanamke wa pwani. Fimbo hizo zilitengenezwa na watu waliodhani Kiswahili kizuri kinatoka upande mmoja tu wa nchi, na Ambakisye, Mnyakyusa wa Tukuyu, hakuwahi kuizoea.

"Umesaza kidogo kidevuni, bwana," ilisema fimbo.

"Naona," alijibu, kwa ukaidi tu. Kisha akageuza sikio. "Umerudi mapema, Mama Lugano. Umemkuta mzima?"

"Kwani wewe ulimkuta mzima, mwezi wa tatu?"

Wembe ukasimama.

"Kuna mtu mbele yako, hatua mbili," ilisema fimbo.

"Najua. Nyamaza."

Alijifuta povu taratibu, huku akitafuta pa kuanzia. Tusekile alimwacha atafute.

Tuseme hapa lililompata. Ambakisye alikuwa fundi mkuu wa tanuri la chokaa huko Songwe. Mkewe akiwa na mimba ya miezi minne, bomba la chokaa mbichi lilipasuka usoni pake. Chokaa haichomi ikaisha, inaendelea kula. Ilikula pembezoni mwa konea, kile kioo cha mbele cha jicho, mahali zinapokaa seli zinazokifanya upya kila siku, na zilipokufa hizo, kioo kikaota weupe. Jicho la kushoto lilikufa kabisa. La kulia lilikuwa zima ndani, limefungiwa tu nyuma ya ule weupe, likiona mwanga na kivuli cha mkono. Walimpandikizia seli za wageni, mwili ukazifukuza. Kitovu chake mwenyewe kilizikwa Tukuyu kwa desturi ya wazee, na yeye alizoea kusema kwa mzaha kwamba jicho lake lilishaliwa kama ndizi za kuchemsha.

Zilibaki seli za Lugano, ambazo nusu yake ni baba na mwili usingezikataa. Lakini amana ya mtoto haiguswi na mtu mwingine mpaka mwenyewe atimize miaka kumi na minane na kutamka kwa kinywa chake. Lugano aliyajua hayo yote. Akiwa na miaka mitano alipanda magoti ya baba yake na kumwambia, nikikua nitakupa jicho, ila usinitazame nikioga. Walikuwa tayari kungoja. Mwaka uliofuata alishikwa na homa ya uti wa mgongo, na ndani ya siku tatu wakawa hawana mtoto. Amana ikawa yao, na kuitumia kulihitaji kauli ya wote wawili.

"Mwaka wa kwanza nilikwenda kumwomba," alisema Ambakisye hatimaye. "Si aliniahidi? Nikasema niende nikamuulize kama ile ahadi bado ipo. Nilipofika nikaona aibu. Mtu mzima na masharubu yangu naomba jicho kwa mtoto. Nikamsikiliza tu Mwaipopo akinisimulia, nikarudi."

"Na mwaka wa pili?"

"Aibu ile ile. Na wa tatu. Halafu ikawa naenda kumsikiliza tu."

"Ulijua kila ukienda unajipunguzia jicho?"

"Nilijua."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia ungeacha kwenda. Ulikuwa ukirudi kule unakuwa na sauti nyingine, mama. Wiki nzima. Sikutaka uache."

Tusekile alikaa kwenye kigoda. Alikuwa amepanda mlima wa hasira njia nzima kutoka Loleza, na sasa hapakuwa na wa kumshushia hasira hiyo.

"Unataka nini, Baba Lugano? Sema leo. Usinizungushe."

"Nataka kumwona." Alilisema kwa haraka, kama mtu anayetua mzigo. "Ile video ya sikukuu ya shule, nimeisikiliza mpaka naijua yote. Nasikia kamba inapiga chini, nasikia viatu. Huyu mama wa pwani ananiambia mtoto wa kike anaruka kamba, anacheka. Nikimuuliza anafananaje, unajua ananijibu nini?"

"Sheria hainiruhusu kulinganisha nyuso za watu," ilisema fimbo.

"Umesikia?"

"Si ulishaambiwa anavyofanana?" alisema Tusekile. "Ni wewe mtupu."

Ndivyo alivyosema mkunga siku ya kwanza, kabla hata hajamfuta mtoto, na majirani wakaitikia kama wanavyoitikia majirani kokote: baba, hapa umejizaa. Ambakisye, aliyekuwa amelala wodi ya pili na bandeji usoni, alilia kwa furaha.

"Najua," alisema sasa. "Ndiyo maana nanyoa." Aliweka kiganja kwenye paji la uso wake, akakishusha polepole juu ya pua, juu ya mdomo. "Nikimtaka namtafuta hapa. Napata paji, napata pua. Halafu nafika kwenye ndevu, napotea."

"Na mimi?" Tusekile alisikia sauti yake ikipanda. "Mimi nikimtaka nimtafute wapi? Wewe unasema video. Video inarudia, Baba Lugano. Ataanguka pale pale, atacheka kicheko kile kile, hata nikifa mimi ataendelea kuanguka pale pale. Kule juu anafanya jambo ambalo hajalifanya. Kila mwaka jambo jipya. Dogo, najua ni dogo. Lakini jipya."

 Ambakisye alinyoosha mkono hewani, akaukosa mkono wa mkewe, akausubiri.

Jioni, baada ya kula, aliomba video kama alivyofanya jioni nyingi. Tusekile aliiwasha ukutani, lakini safari hii hakutazama ukuta. Alimtazama mumewe. Alikuwa ameinama mbele, midomo ikitangulia kila sauti. Kamba ilipoanza kupiga, kidole chake kilikuwa kimeshaanza kupiga goti. Sasa anapumua, alinong'ona. Sasa anataka kuongeza kasi. Sasa. Na Lugano akaanguka, akacheka, na Ambakisye akacheka naye kwa wakati mmoja, uso wake umeelekea dirishani badala ya ukutani, kwa sababu spika ilikuwa upande wa dirisha.

Tusekile alikuwa ameishi na jambo hilo miaka mitano bila kuliona. Aliinuka, akamgeuza mumewe taratibu kwa mabega mpaka akaelekea ukutani. Kisha akaenda kuosha vyombo, akalia huko peke yake.

*

Daktari Kokuhirwa, aliyesimamia upandikizaji wa macho, alikuwa mwanamke mrefu wa Kihaya asiyependa kuharakisha mtu. Mezani aliweka bakuli la pipi na mashine ndogo ya kunasa kauli za wazazi.

"Nieleze tena, daktari," alisema Tusekile. "Kwa nini zisizidishwe? Mkatumia nyingine, nyingine zikabaki."

"Tunazizidisha, mama, ila mara moja tu. Seli hizi ukizisukuma zijigawe tena na tena husahau njia, zinageuka uvimbe. Kwa hiyo mirija miwili tunaiamsha pamoja, tunazifundisha kuwa seli za konea, zinakua na kuwa utando mmoja. Utando mmoja ni jicho moja. Mrija mmoja utatoa kipande, na kipande kitaliwa na ule weupe ndani ya mwaka."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo Hifadhini hakuna kitu. Sitakuficha." Daktari alisogeza kiti. "Kuna swali ninawauliza wazazi wote. Halimo kwenye sheria, ni langu. Mwenye mali hii hakufika umri. Ahadi ya mtoto wa miaka mitano ni nzuri kuikumbuka, lakini haihesabiki. Angekuwa hai angeweza kubadili mawazo akiwa na kumi na minane, akasema baba pole, sitaki. Watoto hufanya hivyo. Aliyekufa hawezi kukataa. Je, mngechukua kama angekuwa amekaa hapa?"

"Angekuwa amekaa hapa," alisema Ambakisye, "hizo pipi zingekwisha."

Daktari alitabasamu lakini alisubiri.

"Mimi sijui angejibuje," Ambakisye aliendelea, sauti imeshuka. "Hilo ndilo linaninyima usingizi. Alinipenda akiwa mdogo. Ukubwani sijui. Mama yake akisema hapana, daktari, tunarudi nyumbani na sitamuuliza tena. Nimeshamwambia."

Wote wawili walimgeukia Tusekile, mmoja kwa macho na mwingine kwa sikio.

"Swali lako silo langu," alimwambia daktari. "Lugano ningemjibia. Nilimzaa, angempa baba yake mirija yote miwili na figo juu. Anayekataa ni mimi. Mimi ndiye sitaki." Aliigeukia mashine. "Sitaki, na ninakubali."

Mashine ilitoa mlio. "Kauli ina mgongano. Tafadhali rudia."

"Mama, sema tu ninakubali," alisema daktari kwa upole. "Ndilo neno inalolitaka."

"Nimesema yote mawili. Iandike yote mawili au isiandike. Akija mtu kusoma miaka hamsini kutoka leo, sitaki adhani niliitoa kama mtu anavyotoa maganda ya ndizi."

Mashine ilirudia ombi lake, kwa sauti ile ile ya mwanamke wa pwani. Daktari Kokuhirwa aliizima. Alichukua kalamu, akaandika kwa mkono maneno ya Tusekile yalivyotoka, sitaki na ninakubali, akasaini chini yake kama shahidi. Ambakisye alikuwa ameshika mkono wa mkewe na hakuuachia mpaka nje ya geti.

*

Kufundisha seli kunachukua wiki kadhaa. Zinalazwa juu ya wavu laini, zinanyweshwa maji yenye viini vya kuzielekeza, na siku baada ya siku zinaacha kukimbia, zinajipanga ubavu kwa ubavu. Siku moja kabla ya upasuaji daktari alimpigia Tusekile simu. Alisema si utaratibu, lakini kama anataka kuja, aje.

Alikuja na ndizi. Stumai alimvalisha koti jeupe na barakoa, akamwongoza mpaka kwenye kisahani kilichowekwa juu ya kitambaa cheusi. Tusekile aliinama. Akainama zaidi.

"Sioni kitu," alisema.

"Utando upo hapo, mama," alisema daktari. "Ndivyo unavyotakiwa kuwa. Seli za konea zikijua kazi yake hazionekani, zinapitisha kila kitu. Ungeuona, ningekuwa na wasiwasi."

Stumai alikiinua kisahani kwa uangalifu, akakishika juu ya kiganja cha Tusekile. Kupitia humo aliona mistari ya kiganja chake, kovu la jiko la mkaa, pete. Hakuna kilichokimbia. Hakuna kilichogusana na kuachana. Miaka mitano alikuwa amekuja kumtazama mwanawe, na siku ya mwisho aliyopewa akaonyeshwa mkono wake mwenyewe.

Alitaja jina hata hivyo, nyuma ya barakoa. Kisha akasema, "Kamwone baba yako," na akageuka upesi.

*

Upasuaji ulikwenda vizuri. Bandeji ilipofunguliwa, chumbani giza kidogo, Ambakisye alihesabu vidole vya daktari bila kukosea hata mara moja. Halafu akafumba jicho, akaomba kitambaa, akalifunika.

"Sitaki kuanza na ukuta wa hospitali," alisema. "Naomba mnivumilie."

Akavumiliwa. Alisafiri mpaka Mbalizi gizani kwa hiari yake, fimbo ikimwonya juu ya kila ngazi, na Tusekile pembeni akiwaza nywele zake. Zilikuwa zimeingia mvi, na yeye hakuwahi kuzipaka rangi, maana hakukuwa na wa kuziona. Mumewe alimwona mara ya mwisho asubuhi ya bomba lile, akiwa msichana wa miaka ishirini na sita aliyetoka kumfungia chakula cha kazini.

Sebuleni alimkalisha, akaegemeza fimbo mlangoni, akafunga pazia, akawasha video. Akaisimamisha mwanzo kabisa, mtoto ameshika kamba kwa mikono miwili, hajaanza kuruka.

"Tayari," alisema, akasimama nyuma yake.

Ambakisye alivua kitambaa. Jicho lilipepesa, likatoa machozi, likapepesa tena. Video ikaanza. Kamba ilipiga chini. Safari hii midomo yake haikutangulia sauti, na kidole hakikupiga goti. Lugano aliruka, akapumua, akaongeza kasi, akaanguka, akainua uso kwa kamera na kucheka, na baba yake hakucheka naye.

"Simamisha hapo," alisema.

Tusekile alisimamisha. Ambakisye aliinuka, akaenda mpaka ukutani, akasimama mbele ya uso ule mkubwa unaocheka. Alipeleka mkono kwenye paji la mtoto, akaushusha juu ya pua, juu ya mdomo, kama alivyofanya kila asubuhi juu ya uso wake mwenyewe. 

"Mlisema ni mimi."

"Ni wewe," alisema Tusekile, kwa mazoea. Kisha akatazama. Alikuwa ameiona video ile mara zisizohesabika, na kila mara alimwona Lugano tu. Sasa alitazama paji lile jembamba, mashavu, ule mwanya wa meno ya mbele ambao mama yake mzazi alikuwa akiusema kwa wageni tangu yeye Tusekile akiwa mtoto.

"Huyu ni wewe, Tusekile," alisema Ambakisye. Hakuwa amemwita kwa jina tangu mtoto azaliwe. "Nilikuona shuleni Rungwe unacheka hivi hivi. Uso huu ninao. Nimekuwa nao siku zote, hata siku moja haukunipotea. Nikimtaka mtoto nilikuwa nauweka pembeni, nakwenda kutafuta kwenye ndevu."

Hakusema kwa kulaumu, na hilo ndilo lililomvunja mkewe. Neno moja tu lingetosha. Miaka yote ile, jioni yoyote, angemwambia amefanana na mimi, naye angefumba macho yasiyoona na kumwona mwanawe. Na ile mirija miwili ingekuwa Loleza mpaka leo, kwenye moshi wake mweupe, ikimngoja yeye na ndizi zake.

"Ilikuwa heshima tu," alisema, na sauti ikamkatika. "Kila baba huambiwa. Na wewe ulikuwa huoni, tukaona tukuongezee."

"Najua."

"Tumezimaliza, Baba Lugano. Tumezimaliza bure."

Hapo ndipo Ambakisye alipogeuka. Tusekile alivuta kitenge upesi kujifunika kichwa na uso.

"Usijifunike," alisema Ambakisye. "Nakuomba."

Alikishusha. Mumewe alimtazama kwa muda mrefu, nywele, mikunjo ya macho, shavu lililoanza kulegea, na jicho lake, lile ambalo kwa miaka lilikuwa jeupe kama chokaa yenyewe, lilikuwa safi. Hakikuonekana kitu juu yake. Tusekile alijua kilichokuwa pale.

"Basi angekuwa hivi," alisema Ambakisye polepole, "akifika umri wako."

 Tusekile alivuta pazia mwanga uingie, akaja akasimama ukutani, karibu na picha, akaacha atazamwe.

Fimbo mlangoni ikasema, "Kuna watu wawili mbele yako, bwana. Mwanamke na mtoto wa kike."

Ambakisye hakuiambia inyamaze.